«Adversely»: neno la Kiingereza ambalo familia na viongozi wanapaswa kulielewa



Katika toleo hili tumependa kufafanua neno moja la Kiingereza linalorudi mara nyingi katika ripoti za mashirika, barua za wafadhili na maandishi ya Umoja wa Mataifa. Neno hilo ni «adversely». Hapa Kindu tunaandika kwa Kifaransa na tunazungumza Kiswahili, na Kiingereza si lugha ya nyumbani kwetu. Lakini habari za familia iliyokimbia Kabambare au Punia zinaweza kusomwa na mfadhili aliye London, Geneva au New York, na yeye anazisoma kwa Kiingereza. Neno moja likieleweka vibaya njiani, msaada unaweza kwenda pasipohitajika, au familia mbili zinazolala chini ya paa moja zikaanza kutazamana kwa jicho baya. Kwa hiyo jambo hili si la walimu wa lugha peke yao. Linahusu amani ya kartie zetu na vijiji vyetu.

1. Neno linatoka wapi?

Asili yake ni Kilatini. Kuna neno dogo lenye maana ya «kuelekea», na kitendo chenye maana ya «kugeuza». Yakiunganishwa yanatoa maana ya kitu kilichogeuka na kukukabili, kilichosimama upande wa kukupinga. Wale waliosoma Kifaransa wanawajua ndugu wa neno hili: «adversaire», yaani mpinzani uwanjani au katika uchaguzi, na «partie adverse», yaani upande wa pili tunaoshitakiana nao mahakamani.

Basi, Mwingereza akisema kwamba jambo limetendeka «adversely» kwa mtu, anataka kusema kwamba matokeo ya jambo hilo yamemgeukia mtu huyo na kumletea hasara. Kwa Kiswahili tunaweza kusema: «kwa namna ya kudhuru», «kwa kuleta madhara», au «kwa hasara ya fulani».

2. Linatumiwa namna gani?

Mara nyingi neno hili linafuatana na kitendo cha kuathiri. Kiingereza kinasema watu fulani ni «adversely affected», nasi tunatafsiri «walioathiriwa kwa kudhurika», au kwa kifupi «waliopata madhara».

Kwa nini Kiingereza kinaongeza neno hilo? Kwa sababu kuathiri peke yake hakusemi kama jambo ni jema au ni baya. Athari ni alama ambayo kitu kinaiacha juu ya kingine. Tuchukue mfano wa barabara ya Kindu hadi Kasongo. Ikitengenezwa vizuri, itaathiri bei ya mchele. Mkulima wa Kasongo atafurahi kwa kuwa mavuno yake hayaozi tena nyumbani. Mama wa Kindu atafurahi kwa kuwa mchele umefika kwa wingi sokoni. Lakini kijana anayepata riziki kwa kusukuma kinga yenye mizigo siku nyingi porini anaweza kupoteza kazi. Barabara ni ile ile, ila imewasaidia wawili na kumgeukia wa tatu. Huyo wa tatu ndiye ambaye Mwingereza atasema ameathiriwa «adversely».

Kutoka hapo tunapata funzo la kwanza: kila mara unaposikia neno hili, uliza «kwa nani?» Hakuna madhara yanayoelea hewani. Daima yapo mabega ya mtu yanayoyabeba.

3. Si sawa na «vibaya», wala si sawa na «sana»

Watafsiri wengi wanachagua neno «vibaya», na si kosa. Lakini tuwe waangalifu, kwa sababu katika Kiswahili chetu «vibaya» lina maana zaidi ya moja. Tukisema «fundi amejenga vibaya», tunalaumu kazi yake. Tukisema «ameumia vibaya», tunataka kusema ameumia sana, hali yake ni ya kutisha. Na tukisema «mvua imeathiri mashamba vibaya», wengi watasikia kwamba mashamba yameharibika kabisa.

Neno «adversely» halimlaumu mtu, wala halipimi ukubwa. Linaonyesha upande tu: matokeo yamekwenda upande wa hasara. Hasara hiyo inaweza kuwa kikapu kimoja cha mihogo, na inaweza kuwa nyumba nzima. Mwingereza akitaka kusema kwamba madhara ni makubwa, anatumia neno lingine, «severely», yaani kwa ukali au kwa kiasi kikubwa.

Tofauti hii ina uzito siku ya kuandikisha watu. Tuseme afisa anafika katika kartie na kuuliza: «Mmeathirika?» Kila mtu atajibu ndiyo, na kila mtu atakuwa amesema ukweli. Lakini kama fomu inauliza nani amepata madhara ya namna yoyote, jibu ni refu. Kama inauliza nani amepata madhara makubwa, jibu ni fupi zaidi. Kiongozi asiyejua ni swali gani limeulizwa anaweza kutoa orodha ya watu wote. Baadaye wengi wanapokosa jetoni, yeye ndiye anayesingiziwa kwamba amekula haki yao. Ni bora kuuliza mapema: «Bwana afisa, fomu yako inatafuta wote waliopata hasara, ama wale walioumia zaidi?» Swali hilo moja linaweza kuzuia matusi ya mwezi mzima.

4. Maneno yanayofanana kwa sauti

Kuna maneno mawili ambayo wanafunzi wa Kiingereza wanayachanganya na neno letu. La kwanza ni «averse». Hili linasema juu ya moyo wa mtu: hapendi jambo fulani, analikataa. Mtu anaweza kukataa vita bila kuwa amedhurika na vita. La pili ni «conversely», lenye maana ya «kwa upande mwingine» au «kinyume chake». Linageuza maneno tu ili kutazama jambo kutoka upande wa pili, wala halileti habari ya madhara. Ukikutana nalo katika barua, usidhani limetangaza hasara.

5. Neno hili katika sheria zinazowalinda raia

Neno «adverse», ambalo ndilo mama wa neno letu, limo katika sheria kubwa za kulinda watu wakati wa vita. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 ina kifungu cha 3 kinachofanana katika mikataba yote 4, nacho kinahusu vita vya ndani ya nchi, kama vile tulivyoviona Kongo. Kinaagiza kwamba wale wasiopigana watendewe kwa utu, bila ubaguzi wa kuwadhuru unaotokana na rangi, dini, jinsia, kuzaliwa au mali. Mnamo 1994 mashirika ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, pamoja na mashirika yasiyo ya kiserikali, yalikubaliana kanuni za mwenendo katika kutoa msaada. Humo pia imo ahadi ya kusaidia bila ubaguzi wa kudhuru wa aina yoyote.

Tuangalie vizuri maneno hayo. Kinachokatazwa ni kutofautisha watu kwa namna inayowadhuru. Kutofautisha watu kwa mahitaji yao kunaruhusiwa, na mara nyingine ni lazima. Mjane mwenye watoto wadogo akipewa bashi kabla ya kijana mwenye nguvu, huo si ubaguzi wa kudhuru. Mgonjwa akitangulizwa kwa daktari, huo pia si ubaguzi. Lakini mtu akinyimwa chakula kwa sababu ya kabila lake, au kwa sababu kijiji chake kinadhaniwa kuwaunga mkono wapiganaji fulani, huo ndio ubaguzi unaokatazwa.

Mnamo 1998 Umoja wa Mataifa ulipata Kanuni za Mwongozo juu ya wakimbizi wa ndani, ambao huku tunazoea kuwaita wadeplase. Kanuni hizo ni 30, na kazi ya kuziandaa iliongozwa na Francis Deng wa Sudan. Ya kwanza kati yake inasema kwamba mtu aliyekimbia ndani ya nchi yake ana haki sawa na raia wenzake, wala asibaguliwe kwa sababu amekimbia. Kukimbia kusimgeukie mara ya pili. Amekwisha kupoteza nyumba na shamba. Asipoteze tena haki ya kupewa karatasi, ya kutibiwa, au ya mtoto wake kuketi darasani.

6. Mifano miwili kutoka Maniema

Wazee wetu wanasema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hii inaeleza neno «adversely» kuliko kamusi nyingi. Nyasi hazikuwa na ugomvi na mtu, lakini matokeo ya ugomvi yamezigeukia.

Mfano wa kwanza ni wa miaka ya 2002 na 2003. Mji wa Kindu ulikuwa mikononi mwa RCD tangu Oktoba 1998, na wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa wameuzunguka. Mashamba yako nje ya mji. Mama aliyetaka kwenda kuchimba mihogo alilazimika kuvuka mistari ya watu wenye silaha wa pande zote mbili, na wanawake wengi walitendewa jeuri njiani. Mizigo ya reli na ya mto ilikwama. Hapo hatusemi tu kwamba vita viliathiri kilimo. Tunasema vita vilimnyima mama wa Kindu shamba lake, vikamnyima mtoto wake chakula, na vikavunja heshima ya mwili wake. Ripoti ikiandika kwa kifupi kwamba kilimo kiliathiriwa kwa kudhurika, sisi tuliopo hapa tuna wajibu wa kueleza hayo yaliyo ndani ya maneno hayo machache.

Mfano wa pili ni wa tarehe za karibu zaidi, na ni mgumu zaidi, kwa kuwa haukutoka kwa watu wenye silaha. Mnamo Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Dodd-Frank. Kipengele chake cha 1502 kinazitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani, na kama yanawanufaisha wapiganaji. Mnamo Septemba mwaka huo huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri hiyo iliondolewa Machi 2011. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuwanyima wapiganaji na majambazi makuta ya madini.

Lakini Maniema ina watu wengi wanaoishi kwa kasiterite na koltani, huko Kalima, Punia, Kailo na kwingineko, na machimbo mengi hayakuwa mikononi mwa wapiganaji. Mchimbaji aliyekuwa akilipa karo ya watoto kwa jasho lake alikosa kazi. Mama aliyemuuzia mchele, sombe na mawese alikosa mteja. Hata baada ya amri kuondolewa, wanunuzi wengi wa nje waliendelea kuogopa madini ya eneo letu kwa muda. Kwa hiyo hatua iliyokusudiwa kuwabana wenye silaha iliwageukia pia watu wasio na silaha. Hatuyasemi haya kutetea madini ya damu. Tunayasema kuonyesha kwamba nia njema haizuii madhara. Ni lazima kuuliza mapema matokeo yatamwangukia nani.

7. Hata msaada unaweza kudhuru

Mnamo 1999 Mmarekani Mary B. Anderson alitoa kitabu kilichojulikana sana miongoni mwa mashirika, kuhusu namna msaada unavyoweza kutegemeza amani au kutegemeza vita. Fundisho lake tunaweza kuliita «usidhuru». Anasema kwamba katika kila jamii yenye mgogoro yapo mambo yanayowatenganisha watu, na yapo pia yanayowaunganisha. Msaada ukifika hauketi pembeni. Ama unaongeza nguvu kwa yale yanayotenganisha, ama unaongeza nguvu kwa yale yanayounganisha.

Tutoe mifano ya kawaida ambayo kila kiongozi anaweza kuitambua:

- Kisima kinachimbwa karibu na wakimbizi, lakini katika shamba la mtu ambaye hakuulizwa. Maji ni mema. Mwenye shamba amepata hasara, na chuki imezaliwa.
- Shirika linanunua mchele mwingi sokoni kwa siku moja ili kugawa. Bei inapanda, na familia ambazo hazimo katika orodha haziwezi tena kununua.
- Kazi ya kutengeneza barabara inatolewa kwa vijana wa upande mmoja wa mto tu, hali Alunguli na Kasuku ni watu wa mji mmoja.
- Ugavi unafanyika jioni, na wanawake wanarudi nyumbani gizani wakiwa wamebeba mizigo.

Katika mifano hii yote msaada ni wa kweli, wala hakuna aliyetaka kudhuru. Lakini madhara yapo, na wanaoyaona mapema ni watu wa mahali. Soko, kanisa, msikiti, shule, kivuko cha mitumbwi na shamba la pamoja ni mambo yanayotuunganisha. Tukiona mradi unayadhoofisha, tuseme kabla haujaanza.

8. Waliodhurika bila kukimbia

Kuna kundi moja ambalo mara nyingi linasahaulika. Katika Mashariki ya Kongo wakimbizi wengi wa ndani hawakai katika kambi. Wanapokelewa na ndugu, marafiki, hata na watu wasiowajua. Ndivyo ilivyo Maniema kwa waliotoka Salamabila na sehemu nyingine za Kabambare. Ndivyo ilivyokuwa tena mnamo 2025, baada ya Goma kutekwa Januari na Bukavu Februari, pale familia zingine zilipoelekea upande wetu.

Tuseme familia ya watu 6 imewapokea watu 8. Chungu ni kile kile, choo ni kile kile, na shamba halikuongezeka. Familia hiyo haikukimbia, kwa hiyo haimo katika orodha ya wadeplase. Lakini vita vimeigeukia nayo pia. Kwa Kiingereza sahihi, nayo ni «adversely affected». Shirika likiwapa msaada wageni peke yao, mwenye nyumba atabaki akitazama magunia yakiingia mlangoni mwake kwa ajili ya wengine. Tusishangae akianza kudai kodi. Kwa hiyo, viongozi, mnapoulizwa ni nani waliodhurika, msihesabu waliokimbia tu. Hesabuni na waliopokea.

9. Maswali 6 ya kuuliza

Kila mara neno hili linaposomwa katika mkutano, au tafsiri yake, tunawashauri wana komite, machifu, akina mama na vijana waulize:

1. Nani amedhurika? Wataje watu kwa makundi: wajane, wakulima, wachimbaji, wanafunzi, familia zilizopokea.
2. Amedhurika katika nini? Chakula, afya, ardhi, masomo, usalama, au heshima?
3. Kwa kiasi gani? Ni hasara ya msimu mmoja, au ni ya maisha?
4. Kwa sababu gani? Vita, mvua, amri ya wakubwa, au mradi wenyewe?
5. Nani mwingine atadhurika tukifanya kile kinachopendekezwa?
6. Nani atarekebisha, na tutamlalamikia wapi asiporekebisha?

Maswali haya hayahitaji Kiingereza. Mama asiyejua kusoma anaweza kuyauliza, na mara nyingi ndiye anayejua majibu kuliko sisi tunaoandika. Mzee chifu akifungua mkutano, ampe naye nafasi ya kusema, si kwa mwisho watu wakiwa wamechoka, bali mapema.

10. Neno la kumalizia

Wapendwa wasomaji, ripoti zitaendelea kuandikwa, na neno hili litaendelea kurudi. Msiliache lipite kama upepo. Tukiandika kwamba watu wameathiriwa kwa kudhurika, mtudai majina ya vijiji, aina ya hasara, na njia ya kuirekebisha. Na ninyi mnapotueleza mateso yenu, mtueleze kwa ukamilifu: wakimbizi wakumbuke mwenyeji wao, na mwenyeji awakumbuke wageni wake. Orodha iliyotengenezwa kwa ukweli haitamridhisha kila mtu, lakini kila mtu ataweza kuieleza kwa jirani yake bila aibu. Hapo ndipo jirani na jirani wanaweza kuendelea kuazimana chumvi.

Tunawatakia amani katika nyumba zenu.